Njia ya ndege Tanga: pima joto, halafu pima minazi

Ikizuka habari ya kurefusha njia ya kuruka na kutua ndege kwenye uwanja mdogo, watu hukimbilia kuuliza "mita ngapi?" Ulizeni kwanza ndege gani, na mzigo gani. Mahitaji ya Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, na ya ATR 72, ya abiria sabini hivi, ni mbali mbali. Wamarekani wana kipimo kizuri cha kuazima: njia hupangwa kwa ndege yenye mahitaji makubwa zaidi kati ya zinazotumia uwanja angalau mara 500 kwa mwaka, kuruka na kutua kila kimoja kikihesabiwa peke yake. Ndege ya mgeni rasmi inayokuja mara moja kwa mwaka haijengewi lami.

Urefu wa msingi utoe kwenye kitabu cha ndege chenyewe, si kwenye brosha ya muuzaji: uzito wa juu wa kuruka, usawa wa bahari, nyuzi 15, njia tambarare, upepo umetulia. Kisha urekebishe kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Mwinuko huongeza asilimia 7 kwa kila mita 300. Joto asilimia 1 kwa kila nyuzi iliyozidi joto sanifu la mwinuko huo, yaani lile la kukadiria lililokubaliwa kimataifa. Mteremko asilimia 10 kwa kila asilimia 1 ya mteremko. Kila nyongeza huhesabiwa juu ya jibu lililotangulia. Ukizijumlisha zote kwanza, njia yako inatoka fupi.

Tuseme msingi ni mita 1,300. Uwanja wa Tanga uko mita 40 hivi juu ya bahari, kwa hiyo mwinuko hauongezi hata asilimia 1: 1,312. Joto ndilo linalokula lami. Sanifu hapo ni nyuzi 14.7; kipimo chetu kikiwa 32, unaongeza asilimia 17.3 na kufika 1,539. Mteremko wa asilimia 0.5, yaani tofauti ya mita 8 hivi kati ya sehemu ya juu kabisa na ya chini kabisa ya njia, unakupeleka 1,616. Weka 1,620.

Hiyo 32 ndipo wengi wanapokosea. Inayotakiwa ni wastani wa joto la juu la kila siku katika mwezi wa joto kali kuliko yote, kwa miaka kadhaa. Kwetu ni wakati wa kaskazi, kabla masika hayajaingia. Ukichukua wastani wa usiku na mchana, tuseme 27, umejipunja karibu mita 69. Bara hesabu ni nyingine: Dodoma, kwenye mita 1,100 hivi, mwinuko peke yake unadai asilimia 26, na nyongeza za mwinuko na joto zikizidi asilimia 35 kwa pamoja utaratibu huu hautoshi, unahitajika uchambuzi maalumu.

Kutua nako kuna hesabu yake. Kwa kanuni za Ulaya, ndege ya abiria ya mapangaboi hutakiwa kusimama ndani ya asilimia 70 ya njia iliyopo. Inayosimama kwa mita 900 inadai 1,286; lami ikilowa, kanuni hizo zinaongeza asilimia 15, ndiyo 1,479. Ukiwa na 1,620 bado umepona.

Sasa tia mnazi mmoja wa mita 20, umesimama mita 200 kabla ya mwanzo wa njia, ardhi ikiwa sawa. Kwa njia ya daraja la 3 (urefu kama huu wetu) isiyotumia vyombo, yaani rubani anatua kwa macho, mstari wa usalama ambao kitu hakitakiwi kuupita huanza mita 60 nje ya mwanzo wa kutua na kupanda mita 1 kwa kila 30. Mnazi huo unataka uwe mita 660 mbali na mwanzo wa kutua. Usipokatwa, mwanzo wa kutua unasogezwa ndani mita 460, na njia ya 1,620 inabaki na 1,160 za kutua: haitoshi hata kiangazi. Kumlipa fidia mwenye shamba ni rahisi kuliko kumwaga lami mita 460. Mpimaji apime hadi ncha ya kuti la juu, si mwisho wa shina, na aongeze mita za ukuaji, maana minazi michanga iliyo pembeni itafika hapo hapo.