Wataalamu wa afya ya akili wajibu: 12 ya huyu si 12 ya yule

Swali: Nafanya kazi ya uuguzi katika kituo cha afya huko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Wagonjwa wengi wametoka Kongo, kwa hiyo tunaongea nao Kiswahili. Tunajaza fomu ya PHQ-9, inayopima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), na karibu kila mtu anazidi alama 10. Ina maana wote wana sonona? — Sista, Isingiro

Jibu: La, Sista. Fomu hiyo huuliza mambo tisa ya wiki mbili zilizopita. Kila moja hupewa 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Akifika 10, mtu anastahili kuchunguzwa vizuri, basi. Ukishajumlisha, rudi juu utazame alama zimetoka wapi. Aliyepata 3 kwenye usingizi, uchovu, chakula na umakini, na 0 kwingine kote, ana 12. Huyo mpime malaria, upungufu wa damu na kifua kikuu, na umuulize anameza dawa gani. Mwingine ana 12 zilizotoka kwenye huzuni, kukosa raha, kujilaumu na kuwaza kifo. Hawa wawili hawatibiwi njia moja. Ili sonona ithibitishwe, lazima iwepo huzuni au kukosa raha, yaani yale maswali mawili ya kwanza.

Pengine tatizo liko kwenye namna ya kuuliza. “Siku kadhaa” na “zaidi ya nusu ya siku” huwachanganya watu, nao hujibu tu “kila siku”. Weka punje 14 za maharagwe mezani, moja kwa kila siku, kisha mwambie atenge zile za siku alizosumbuka. Punje 0 au 1 ni alama 0. 2 hadi 6 ni alama 1. 7 hadi 11 ni alama 2. 12 hadi 14 ni alama 3. Anzia kuhesabu kwenye siku anayoikumbuka, kama siku ya soko au ya mgao. Na akisema “nina mawazo mengi”, usikimbilie kuandika 3. Muulize mawazo hayo yanamfanya nini: yanamnyima usingizi, au yanamfanya asahau chungu jikoni?

Swali la tisa ndilo linaloharibiwa zaidi. Ukiuliza “Hujafikiria kujiua, sivyo?” umeshamwekea jibu mdomoni. Sema: “Katika wiki hizi mbili, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali ufe, au ujidhuru kwa namna yoyote?” Halafu nyamaza, hata akikawia. Mkalimani asiwe mume, mkwe wala mtoto wake. Jibu likiwa 1 au zaidi, hata kama jumla yote ni 4, usimruhusu aondoke kabla hujajua: amepanga namna gani, ana sumu ya shambani au dawa karibu, aliwahi kujaribu, na leo atalala na nani? Mwite afisa wa afya ya akili siku hiyo hiyo.

Swali: Mgonjwa mmoja wa saikosisi (ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia) tulimpima siku moja, sote tukiwepo, kwa BPRS, kipimo cha ukali wa dalili za akili. Mwenzangu akapata 61, mimi 43. Nani kakosea? — Afisa wa kliniki, Arua

Jibu: Huenda hakuna. Tofauti ya 18 kamili inatia shaka, kwa sababu kipimo hicho kina vipengele 18. Ziko fomu zinazoanzia 1 hadi 7 na nyingine 0 hadi 6. Mgonjwa asiye na dalili yoyote hupata 18 kwenye ya kwanza na 0 kwenye ya pili. Tazameni fomu zenu. Kosa hili huharibu pia hesabu ya nafuu. Kwenye fomu ya 1 hadi 7, aliyeshuka kutoka 54 hadi 36 haonyeshi nafuu ya theluthi moja. Ondoa kwanza zile 18: ametoka 36 hadi 18, yaani nusu.

Kama fomu ni moja, basi pimeni pamoja wagonjwa wachache, kila mtu aandike kimya kimya, kisha mjadili kila kipengele mlichotofautiana kwa zaidi ya alama moja.

Swali: Mama alikuwa na 17 kwenye PHQ-9, sasa ana 13. Dawa inafanya kazi? — Kijana, Jinja

Jibu: Bado mapema kusema. Kushuka kwa 5 au zaidi ndiko huhesabiwa kuwa mabadiliko ya maana. Kufika nusu ya alama za mwanzo ni nafuu nzuri, na chini ya 5 dalili zimekaribia kuisha. Kama anatumia amitriptilini, dawa ya sonona ambayo huleta usingizi, alama za kulala zinaweza kushuka huku huzuni iko pale pale. Kwa hiyo ombeni mwone fomu zote mbili, swali kwa swali. Asiache dawa mwenyewe, na kipimo kijacho kisomwe kwa lugha ile ile.