Kabla hujamwita mkaidi, mjue punda wako

Msomaji mwenye punda wanne anauliza afanye nini na mmoja ambaye siku hizi akitwikwa mchanga hakanyagi mbele. Amuuze, au amwongeze fimbo? Kwanza aache kumwona huyo kama namba tu kati ya wanne. Ana mwili wake, maumivu yake na mwenzake, na thamani yake haiishi siku asipokuingizia senti.

Anza na mgongo. Vua shogi, ile mifuko ya mzigo ya mgongoni, kisha pitisha kiganja toka mabegani hadi kiunoni ukikandamiza kidogo. Atakapotetemesha ngozi au kulaza masikio ndipo panapouma, hata kama manyoya hayajanyonyoka. Mara nyingi mzigo umekalia uti wa mgongo. Shona mito miwili ya kukalia mzigo, mmoja kila upande wa uti, katikati uache mfereji vidole vipite. Gunia lililokunjwa halisaidii: likilowa jasho linajikunja na kuchubua. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Oili chafu na maji ya betri ni ukatili mtupu. Na asibebe kitu mpaka ngozi ifunge. Dawa bila mapumziko ni kazi bure.

Mzigo usizidi theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 150 anabeba kilo 50 hivi, yaani saruji ya mfuko mmoja, igawanywe pande mbili. Mchanga uliolowa mvua una uzito mwingine kabisa, ingawa ndoo ni ileile.

Halafu mjue kila mmoja akiwa mzima: nani hukimbilia pumba, nani hunywa polepole, nani husimama na nani. Punda huficha maumivu, hivyo mgonjwa huonekana mpole tu, na wenye haraka humsifu kwa utulivu. Moyo hupiga kati ya mara 36 na 52 kwa dakika. Shika mshipa chini ya taya. Aliyesusa chakula leo aonwe na daktari wa mifugo leo, kwa sababu punda asipokula, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na yanaweza kumuua.

Hata huzuni humsusisha chakula. Mwenzake akifa, usiuondoe mzoga mara moja. Mwache aunuse mpaka ageuke mwenyewe. Na ukishikilia kuuza, tazama kwanza usiku analala karibu na nani. Wauze wote wawili kwa mtu mmoja, au usiuze.