Steringi hafi: maswali yenu kuhusu James Bond

Safu iliyopita nilimtaja James Bond, yule jasusi wa Uingereza wa riwaya na sinema, kwa mstari mmoja tu, kwa mzaha, na maswali yakamiminika. Nimechagua saba. Aliyeniuliza bei ya gari lake anisamehe. Hata bei ya tairi lake siijui.

Ndugu mwandishi, huyu Bond aliwahi kuwepo kweli? (Msomaji, Morogoro)

Jina lilikuwepo. Lilikuwa la Mmarekani mmoja, mtaalamu wa ndege, wale wenye manyoya, aliyeandika kitabu kuhusu ndege wa visiwa vya Karibi. Ian Fleming, Mwingereza aliyemtunga Bond, alikuwa nacho nyumbani kwake Jamaika, kwenye nyumba aliyoiita Goldeneye. Mwanzoni mwa 1952, alipokaa kuandika riwaya yake ya kwanza, alitaka jina lililopooza, lisilo na madoido, akalichukua hilo. Mwenye jina hakumburuta mtu mahakamani. Mwaka 1964 alipita Goldeneye na mkewe wakamsalimia mwandishi.

Ama mtu mwenyewe, huyo katungwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Fleming alikuwa idara ya upelelezi ya jeshi la maji la Uingereza, msaidizi wa Admirali John Godfrey. Kazi yake ilikuwa ya mezani, London: kupanga mipango ambayo wengine walikwenda kuitekeleza. Mimi naamini Bond alizaliwa kwenye kiti hicho, kwa mtu aliyewatuma wenzake mchana kutwa na jioni akarudi nyumbani mzima.

Mimi nasema filamu zake ni 25, shemeji anasema 27. Tumewekeana kreti ya soda. Nani anunue? (Mombasa)

Gawaneni kreti. Kampuni ya Eon, ya Albert Broccoli na Harry Saltzman, ilianza na Dr. No mwaka 1962, na ilipofika No Time to Die mwaka 2021 ilikuwa na filamu 25. Nje ya Eon kuna mbili: Casino Royale ya 1967, ambayo ni vichekesho vitupu, na Never Say Never Again ya 1983. Shemeji akizidi ubishi, mwambie mwaka 1954 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha mchezo wa saa moja ambamo Bond ni Mmarekani na wanamwita Jimmy. Atanyamaza.

Ila hiyo ya 1983 ina mkasa wake, na kwangu mkasa huo unapita filamu yenyewe kwa utamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Fleming alikaa na Kevin McClory na mwandishi wa skripti Jack Whittingham, wakatunga hadithi ya sinema. Sinema haikupatikana. Fleming akaichukua ile hadithi akaifanya riwaya, Thunderball, ikatoka 1961 bila majina ya wenzake. McClory akaenda mahakamani. Mwishoni mwa 1963 kesi ikamalizwa kwa makubaliano, na McClory akaondoka na haki za filamu za hadithi hiyo. Fleming, ambaye moyo ulikwisha kumsumbua tangu kesi ilipoanza, alifariki Agosti 1964 akiwa na miaka 56.

Eon walilazimika kuelewana na McClory ndipo Thunderball ikatoka 1965. Baadaye akaitumia haki ile ile kutengeneza Bond wake pembeni, akamrudisha Sean Connery, mwigizaji wa Bond tangu Dr. No, aliyekuwa ameapa kwamba basi. Kwa hiyo mwaka 1983 dunia ilikuwa na Bond wawili sokoni: Roger Moore kwa Eon, Connery kwa McClory. Na ukijiuliza kwa nini yule adui mkubwa, Blofeld, na genge lake la SPECTRE walipotea kwenye filamu za Eon miaka mingi, jibu ni hilo hilo: umiliki wao ulikuwa na mgogoro. Ulimalizika 2013, McClory akiwa ameshakufa, na miaka miwili baadaye Eon wakatoa filamu iitwayo Spectre. Ongeza ile miaka sita ya ukimya, 1989 hadi 1995, nayo ya kesi, safari hii za kampuni kwa kampuni. Risasi hazikuwahi kumlaza Bond muda mrefu kiasi hicho. Wanasheria waliweza.

Steringi hafi, ndivyo tulivyofundishwa. Mbona huyu kafa? Na wanasema atarudi. Atarudije? (Mwanza)

Ambaye hajaiona filamu ya 2021 na ana nia, aruke jibu hili.

Mimi pia nimekulia kwenye banda la video. Steringi akipigwa risasi hakuna anayeshtuka. Watu wanaendelea kutafuna karanga, maana sheria inajulikana. Kwa hiyo makombora yalipokishukia kile kisiwa nilibaki nimekaa, nikangoja mpaka majina ya mafundi wa taa yakaisha. Kilichokuja ni maandishi tu kwamba James Bond atarudi.

Fleming mwenyewe alikuwa na mkono huo. Riwaya ya From Russia with Love, 1957, inaisha Bond akianguka sakafuni baada ya kuchomwa sumu kwa kisu kilichofichwa kwenye kiatu cha mwanamke wa Kirusi. Mwaka uliofuata, katika Dr No, tunaambiwa daktari alimwahi. Katika You Only Live Twice, 1964, amekwisha andikiwa hadi tanzia ya gazetini, kumbe yuko Japani, hajui hata jina lake. Tanzia hiyo ndiyo inayotuambia baba yake alikuwa Mskoti na mama Mswisi, na kwamba walifia mlimani yeye akiwa na miaka 11.

Kuna mashabiki wanaodai "James Bond" ni cheo, anayeondoka anamwachia anayeingia. Siafiki. Mwaka 1969 Bond wa George Lazenby alifunga ndoa na mkewe akauawa siku hiyo hiyo. Mwaka 1981 Bond wa Roger Moore anaonekana makaburini akimwekea maua mke yule yule. Na katika Skyfall ya 2012 Bond wa Daniel Craig anarudi nyumba ya utotoni, kaburi la wazazi liko pale, na jina ni Bond. Kwa hiyo hesabu yangu ni watu wawili: mmoja alianza na Connery akaishia na Pierce Brosnan mwaka 2002, wa pili ni wa Craig, aliyeanza upya mwaka 2006 akiwa ndiyo kwanza anapewa leseni ya kuua. Usiniulize kwa nini bosi wake M aliendelea kuwa Judi Dench pande zote mbili. Alikuwa hodari mno wakashindwa kumwacha.

Bond wa tatu, anayengojwa, hayumo tena mikononi mwa familia ya Broccoli. Februari 2025 Barbara Broccoli na Michael Wilson walikabidhi usukani kwa Amazon MGM, na Juni mwaka huo Denis Villeneuve akatangazwa kuwa mwongozaji.

Ni kweli Bond alifika kwetu Uganda? (Kampala)

Adui yake alifika. Mwanzoni mwa Casino Royale ya 2006 maandishi yanasema Mbale, Uganda, na Le Chiffre anapokea fedha za waasi. Lakini msitu ule ni wa Uingereza. Aliyezoea kuuona Mlima Elgon asiutafute. Na Madagaska inayofuata, pale wanapofukuzana juu ya winchi, ilipigwa Bahama.

Ana umri gani? (Dodoma)

Katika riwaya ya Moonraker, 1955, ana miaka 37, na sheria ya kazi ni kwamba ukifika 45 unaondolewa kwenye orodha ya wenye sifuri mbili, yaani majasusi wenye leseni ya kuua. Roger Moore alipotokea mara ya mwisho, 1985, alikuwa na 57. Kwa sheria hiyo alikuwa mstaafu wa miaka 12.

Sijawahi kusoma kitabu chake hata kimoja. Nianzie wapi? (Arusha)

Anza na cha kwanza, Casino Royale, 1953. Ni chembamba, na utamkuta mtu usiyemjua. Hana vifaa vya ajabu. Anapigwa vibaya, analazwa hospitali, na kitandani anaanza kujiuliza kama kazi hii ina maana yoyote, anataka kuacha. Bond wa sinema hajiulizi, ana saa yenye msumeno ndani. Ukikipenda, nenda From Russia with Love, ambamo steringi mwenyewe hatokei mpaka theluthi ya kitabu imepita, muda wote huo ukiwasikiliza wanaopanga kumuua. Rais Kennedy alikitaja mwaka 1961 miongoni mwa vitabu kumi avipendavyo, na mauzo Marekani yakapanda.

Tahadhari moja. Namna Live and Let Die, 1954, inavyowaongelea watu weusi itakukera. Mwaka 2023 wenye haki walitoa matoleo mapya ambayo baadhi ya maneno hayo yameondolewa. Mimi nasoma nakala ya zamani. Napenda kuona mtu alivyokuwa akiniwazia.

Vya Fleming ni 14, riwaya 12 na mikusanyo miwili ya hadithi fupi. Waliofuata ni wengi, kuanzia Kingsley Amis mwaka 1968 kwa jina la bandia. Kati yao ningekupa Solo ya William Boyd, 2013, inayompeleka Bond kwenye nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi iliyo vitani. Boyd alizaliwa Accra, na inaonekana.

Kwa hiyo Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Kiswahili za Elvis Musiba, ni Bond aliyetafsiriwa tu? (Kigoma)

Swali hili nimeliweka mwisho kwa makusudi, maana linaniwasha.

Suti ni ya Bond, sikatai. Bastola, magari, hoteli kubwa, vinywaji na warembo, hayo Musiba aliazima mchana kweupe. Lakini angalia nani anatumwa na nani. Bond ni mtumishi wa dola inayopungua. Riwaya zake zilitoka wakati Uingereza inapoteza makoloni, na Waziri Mkuu Anthony Eden aliposhindwa kwenye mgogoro wa Mfereji wa Suez mwaka 1956 alikwenda kupumzika wapi? Goldeneye, kwa Fleming. Vitabuni Mwingereza mmoja bado aliweza kuiokoa dunia, huku magazetini habari zikiwa nyingine.

Gamba anatoka upande wa pili wa historia hiyo hiyo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu 1963, na hadithi zake zinaota kwenye udongo huo: Kufa na Kupona ya 1974, Kikosi cha Kisasi ya 1979 inayompeleka Kinshasa kupambana na mawakala wa makaburu. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kubuniwa genge la SPECTRE. Adui alikuwa Pretoria, ana balozi na ndege za kivita. Ndiyo maana Gamba akimpiga mtu ngumi, wazee wetu walishangilia kwa sababu tofauti kabisa na iliyomfanya kijana wa London amshangilie Bond.

Anachomzidi Bond ni hicho. Anachozidiwa ni wenye mali: Bond ana kampuni na familia iliyomlinda kwa miongo sita, tena hadi kumgombea mahakamani. Gamba anaishi kwenye nakala zilizochakaa tunazoazimana. Mwenye nakala ya Njama, riwaya nyingine ya Gamba, yenye kurasa zote aniandikie tupange. Yangu inaanzia ukurasa wa 11.