Jibu: Git inayojikokota kwenye hifadhi kubwa
Kaka, umeuliza kwa nini `git log` (huonyesha historia ya mabadiliko) na `git blame` (huonyesha nani alibadilisha mstari upi) zinajikokota kwenye hifadhi yenu ya Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huko Gulu, ilhali kompyuta ni nzima. Anza na `git count-objects -v`, utazame mistari miwili: `count` na `packs`.

`count` ni idadi ya vitu vilivyotawanyika, yaani vipande vya data ambavyo Git imevihifadhi kimoja kimoja. Kila kimoja ni faili lake, ndani ya folda yenye herufi mbili za mwanzo za heshi yake (kitambulisho kinachokokotolewa kutoka yaliyomo). Laptopu yangu hapa Mbale ina diski ya zamani ile ya kuzunguka. Vilipojaa maelfu nilikuwa naisikia ikikwaruza kila nilipofungua historia. `git gc` huvifunga pamoja kwenye pakiti, faili moja kubwa lenye faharasa (orodha ya mahali kila kitu kilipo) iliyopangwa kando yake. Git huifanya yenyewe vikifika karibu 6,700, au pakiti zikizidi 50. Hakikisha diski ina nafasi, maana pakiti mpya huandikwa kabla ya zile kuukuu kufutwa.

Shida yako nadhani ni pakiti nyingi, ule mstari wa `packs`: Git hulazimika kupekua faharasa moja baada ya nyingine. `git multi-pack-index write` hutengeneza faharasa moja kwa zote. Kwa `git log`, ongeza `git commit-graph write --reachable`. Hapo ukoo wa historia, yaani badiliko lipi lilitokana na lipi, husomwa bila kufungua kila kitu upya.

Tafadhali, usifute chochote kwa mkono ndani ya `.git/objects`. Tuletee namba zako hapa tuzitazame.