Muziki uliubeba, filamu ikaugandisha

Swali la wiki liliuliza ni nini hasa kilichoeneza msemo "hakuna matata" duniani, filamu au muziki. Muziki ulitangulia kwa miaka 12, lakini kilichousaidia kuliko vyote ni umbo la msemo wenyewe mdomoni.

Matata ni wingi wa tata, yaani msokotano usiojulikana unaanzia wapi. Nenda mwalo wowote hapa Mwanza utazame wavu uliotatana. Fundi hauvuti, maana ukivuta fundo linakaza na uzi wa nailoni unakata kidole. Anatafuta kwanza kamba ya juu yenye maboya, anainyoosha, kisha anashuka jicho kwa jicho mpaka kwenye vizito. Tatizo, utata na kutatanisha vyote ni ndugu wa tata hiyo.

Sasa sikiliza: ha-ku-na ma-ta-ta. Silabi sita, kila moja konsonanti na irabu, na tano kati yake zina a. Mkazo unaangukia katikati ya kila neno, KU na TA, kwa hiyo mapigo mawili yaliyolingana yapo tayari kabla ngoma haijapigwa. Hamna ng', gh wala dh ya kumkwaza mgeni. Linganisha na "hamna shida" tunayosema kutwa kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi: ile m inasimama peke yake kama silabi, na ulimi usioizoea huitilia irabu, ikawa "hamuna". Naamini ndiyo sababu msemo wetu wa kila siku ulibaki nyumbani, na ule tusioutumia sana ukapanda ndege.

Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilitoa "Jambo Bwana", wimbo wa Teddy Kalanda Harrison uliolenga watalii wa hoteli za pwani. Umejengwa kwa salamu, kwa hiyo mgeni anajifunza maneno machache na kuyarudia hapo hapo. Mwaka 1983 kundi la disko la Boney M, lililoundwa Ujerumani, likatoa toleo lake, na msemo ukaingia Ulaya.

The Lion King, filamu ya katuni ya kampuni ya Disney, ilikuja 1994 na wimbo mwingine kabisa, wa Elton John na Tim Rice. Nyimbo hizi mbili huchanganywa sana. Ule wa Mombasa ni wa Kiswahili, na maneno yenyewe yamo ndani ya kumkaribisha mgeni. Wa filamu ni wa Kiingereza. Kiswahili kimebaki maneno mawili, na maana yake inatolewa humo humo ndani ya wimbo. Kwa upande wa filamu, tafsiri hiyo ndiyo ilifanya kazi kubwa, kwani mtoto wa Chicago hakuhitaji kamusi. Lakini hapo ndipo maana ilipogandishwa. Kwetu "hakuna matata" ni jibu la jambo lililopo mezani, kwamba hili halina tatizo. Kwenye filamu ikawa falsafa ya kuishi bila kujali kitu maisha yote.

Disney waliyasajili maneno hayo Marekani mwaka 2003 kuwa alama yao ya biashara kwenye mavazi, na 2018 watu wengi walitia saini kupinga. Alama ya biashara hufunga bidhaa zilizotajwa, katika nchi iliposajiliwa. Haimzuii mtu kusema. Hata hivyo inauma, kwa sababu neno la watu wote limewekewa mwenyewe.

Huku kwetu matata limeshika njia yake. Goma matata ni goma kali, na mtoto matata ni sifa, si lawama. Kwa hiyo mgeni akishuka kivuko cha Kamanga na kumwambia bodaboda "hakuna matata", ataeleweka vizuri. Jibu atakalopewa ni "hamna shida, panda".