Picha za mnada melini, usikimbilie

Ndugu, umeuliza kama picha zinazopigwa mnada kwenye meli za kitalii ni uwekezaji. Mi nakushauri usinunue kwa kutegemea faida. Meli haiishi kwa nauli tu, kuna baa, kasino na huo mnada, ndo maana mara nyingi shampeni inagawiwa bure kabla dalali hajagonga nyundo. Picha nyingi ni za kuchapishwa, cheki chini pembeni ukiona 120/300 ujue hiyo ni nakala ya 120 na toleo hilo lina nakala 300, na bei ikishagongwa unaongezewa ada ya mnada (asilimia fulani ya bei) na gharama ya usafirishaji, halafu ukinunua mkiwa bahari kuu, ambako sheria za nchi yako huenda zisifike, kudai hela yako baadaye ni kazi kwelikweli. Kabla hujanyoosha kibao cha kutaka kununua ingia intaneti uone nakala kama hiyo inauzwaje minada ya nchi kavu.