Kikosi cha nani, cha watu wangapi?

SWALI: Ninaandika makala kuhusu Wabelgiji walioshuka Stanleyville (Kisangani ya leo, Kongo) mwaka 1964. Je, niandike makomando au makomandoo? Na kila askari wa miavuli ni komando? Naomba pia unikagulie aya hii: "Kikosi cha makomandoo wa Ubelgiji kilirushwa Stanleyville alfajiri. Kikosi cha Simba kilizidiwa uwanjani na kukimbia, huku kikosi kingine kikiingia mjini kwa barabara. Baada ya siku chache kikosi hicho kiliondoka nchini." – Msomaji, Dodoma

JIBU: Tahajia tuimalize haraka. Neno limetoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini, walioita hivyo kundi la wanaume wenye farasi na bunduki lililokusanywa kwenda vitani. Waingereza wakalichukua, na mwaka 1940 wakawapa jina hilo askari wao wa kuvamia pwani zilizoshikwa na Wajerumani. Lilipotufikia sisi lilikuwa limeshageuka mtu: komando amefika, makomando wamefika. O moja inatosha. Katika komando mkazo unakaa kwenye -ma-. Ukiongeza o ya pili mkazo unahamia kwenye -ndo-, na askari wako anabaki amebeba ndoo. Najua nusu ya magazeti ya Tanzania yanaandika komandoo na mitaani hakuna anayesema vingine. Sitagombana na nchi nzima. Chagua moja, ulishike hadi mwisho wa makala.

Tahadhari moja tu. Katika habari za Kongo za mwaka huohuo utakutana na "5 Commando". Usije ukaandika "Komando wa 5 aliingia mjini". Hilo lilikuwa jina la kundi zima la mamluki la Mike Hoare, kwa maana ileile ya Makaburu. Wameshaandika watu hivyo, na msomaji akabaki kushangaa jamaa mmoja aliyeteka nusu ya Kongo peke yake.

Sasa kinachoniudhi. Aya yako ina sentensi tatu na vikosi vinne, na hakuna hata kimoja ninachoweza kukihesabu.

Sina ugomvi na neno lenyewe. Zimamoto ni kikosi, usalama barabarani ni kikosi, na JWTZ wenyewe huandika KJ, yaani Kikosi cha Jeshi, baada ya namba za vikosi vyao. Huko lina kazi maalumu. Ila kwa waandishi wa siku hizi kikosi limekuwa gunia: watu wanane wanaolinda daraja ni kikosi, na watu elfu tatu wenye vifaru ni kikosi. Wajumbe sita waliokaa hotelini wakinywa chai ya saa nne, basi hao ni kikosi kazi. Mwandishi asiyejua idadi analikimbilia kwa sababu halimdai chochote.

Jeshi halikutunyima maneno. Seksheni ni watu kama kumi. Seksheni tatu hivi ni platuni, platuni kadhaa ni kombania yenye watu mia na ushei, kombania kadhaa ni batalioni yenye watu mia kadhaa, na juu yake kuna brigedi inayofika maelfu. Aliyepita JKT anaijua kombania yake hata usingizini. Kwa nini akishika kalamu anaisahau?

Tazama ilivyokuharibia. "Kikosi cha makomandoo wa Ubelgiji" kilikuwa Batalioni ya 1 ya Miavuli ya Rejimenti ya Para-Komando, ikiongezewa kombania moja ya makomando kutoka Batalioni ya 2, wote wapatao 545 chini ya Kanali Charles Laurent. "Kikosi kingine" cha barabarani ni msafara wa Kanali Frédéric Vandewalle uliopanda kutoka kusini: wanajeshi wa Kongo, askari wa Katanga na mamluki, wakiwemo hao wa Hoare. Ulikuwa mkubwa kuliko kundi la Laurent, ulikuwa chini ya serikali nyingine na ulikuja kwa kazi nyingine. Laurent alikuja kutoa mateka walioshikwa na waasi wa Simba; Vandewalle alikuja kuuteka mji. Wewe umewaita wote kikosi, kisha ukamalizia kwa "kikosi hicho kiliondoka nchini". Kipi? Ukifuata sarufi, hicho kinaelekea kwa cha mwisho kutajwa, yaani Vandewalle, ambaye hakwenda popote. Walioondoka ni Wabelgiji wa Laurent, na kabla ya kuondoka waliruka tena tarehe 26 Novemba huko Paulis, mji unaoitwa Isiro leo. Kosa la historia limezaliwa na uvivu wa nomino moja.

Na sijafika kwenye kito chenyewe: "Kikosi cha Simba kilizidiwa uwanjani na kukimbia." Ndugu yangu, unaandikia Watanzania! Ukisema kikosi cha Simba, nusu ya wasomaji wako wanatafuta jina la kipa. Ukiongeza uwanjani, wamekwisha: wanataka kujua ni Ligi Kuu au Kombe la Shirikisho, na wale wa Yanga wameanza kushangilia kabla ya nukta. Waasi wa Kongo wa mwaka 1964 walijiita Simba, na huwezi kuwabadilishia jina kwa sababu ya klabu ya Msimbazi. Unachoweza ni kuandika "wapiganaji wa Simba" na "uwanja wa ndege", maneno mawili ya ziada ambayo hakuna mhariri atakayekutoza. Kikosi kikiondoka, Ligi Kuu nayo inaondoka.

Tuje kwenye kilirushwa. Matangazo hurushwa, mawe hurushwa, na mtaani anayerushwa ni yule aliyedhulumiwa pesa zake. Wengine huandika walidondoshwa, kitenzi ambacho ni halali kwa magunia ya unga. Askari wa miavuli huruka, na anastahili kitenzi cha kutenda kwa sababu anatoka mlangoni kwa miguu yake. Amesimama kwenye foleni, kamba ya mwavuli wake imenasishwa kwenye waya uliotandazwa ndani ya ndege. Akitoka, kamba inakazwa na kuuvuta mwavuli ufunguke bila yeye kugusa kitu. Inabidi iwe hivyo. Stanleyville waliruka kutoka kama futi 700, kitu cha mita 210, wakafika chini kabla dakika haijaisha. Kwa kimo hicho anayengoja kujifungulia mwenyewe hana muda wa kurekebisha kosa.

Walioruka walikuwa zaidi ya 300, kutoka ndege tano za uchukuzi aina ya C-130 za Jeshi la Anga la Marekani, saa 12 asubuhi tarehe 24 Novemba. Wengine hawakuruka. Walioruka waliondoa mapipa na magari yaliyozuia njia ya kurukia ndege, ndipo ndege zilizofuata zikatua na watu na magari. Kwa hiyo "kikosi kilirushwa" si lugha mbaya tu, ni uongo kwa karibu nusu yao. Kwao andika walitua.

Aya yako ingekuwa hivi: "Saa 12 asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, zaidi ya askari 300 wa Rejimenti ya Para-Komando ya Ubelgiji waliruka juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, wenzao walitua baada ya njia kusafishwa. Wapiganaji wa Simba walirudi nyuma, lakini mateka kadhaa waliuawa mjini kabla Wabelgiji hawajawafikia. Siku hiyohiyo msafara wa Vandewalle uliingia kwa barabara. Wabelgiji waliondoka Kongo kabla ya Desemba." Hakuna kikosi hata kimoja, na hakuna aliyepotea.

Limebaki swali lako la mwisho. Hapana, si kila askari wa miavuli ni komando, wala si kila komando anaruka. Mwavuli ni njia ya kufika kazini. Ukomando ni aina ya kazi yenyewe: kuvamia, kupanda majabali, kuvuka mito, kupiga na kutoweka. Ubelgiji iliviunganisha mwaka 1952, ilipochanganya rejimenti iliyotokana na SAS, askari maalumu wa miavuli wa Vita vya Pili vya Dunia, na ile ya makomando, ndiyo maana ya lile jina lenye kistari. Mwanajeshi wao alijifunza kuruka Schaffen, na ukomando Marche-les-Dames kwenye majabali ya mto Meuse. Hata hivyo bereti hazikuchanganywa: batalioni za miavuli zilivaa rangi ya damu ya mzee, na makomando kijani. Kwa majeshi mengine uliza kwanza. Ukikosa jibu, andika askari wa miavuli.